Mzee alipakia shaba ya kwenda Matadi miaka 31, Matadi yenyewe hajaiona. Tupite wapi?

Mwana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Jambo wote. Naomba ushauri, na tafadhali someni mpaka mwisho kabla ya kunicheka.

Papa yangu ana miaka 72. Alianza kazi ya reli hapa Lubumbashi 1974, akatoka 2005 (habari ya pensheni tuiache, itatuharibia siku). Kazi yake ilikuwa kwenye mabehewa ya shaba. Mnayajua yale mabamba yanavyofungwa mafungumafungu kwa mkanda wa chuma? Mzigo ukishapangwa, yeye alipita na chaki akaandika ubavuni mwa behewa unakokwenda: ILEBO – MATADI. Miaka 31 anaandika Matadi. Mwenyewe hajavuka Kamina.

Juzi umeme ulikatika, tukakaa nje kando ya mbabula (jiko la makaa), akaniambia: "Nataka kuona fasi ile shaba yangu ilikuwa inafikia." Akanyamaza, akaendelea kugeuza mahindi yake.

Nimepata likizo ya wiki tatu, mwisho wa mwezi wa sita kuingia wa saba, na nimeweka makuta kidogo. Nikawaza, maadamu tunatoka, tuone Kongo yote: twende Goma tuone Nyiragongo, sokwe wa Kahuzi-Biega, tupande Epulu kwa okapi, Kisangani kwa wavuvi Wagenia, tushukie Salonga, Kinshasa, Matadi, tumalizie baharini Muanda. Nikamwonyesha bibi yangu (mke wangu) karatasi. Akasema: "Hii si safari, hii ni kampeni ya uchaguzi."

Inawezekana au haiwezekani? Na je, tukifuata njia yenyewe ya shaba, yaani treni mpaka Ilebo, kwenye mto Kasai, halafu masua (boti ya mto)? Mzee ana nguvu ila magoti yanamsumbua.

Yaya_wa_Kalubwe

Bibi yako ana akili, mheshimu.

Ndugu, nchi hii ina kilometa za mraba zaidi ya milioni 2.3. Kwenye karte Salonga ni doa la kijani tu, unaliziba kwa kidole. Hilo doa lina kama kilometa za mraba 36,000. Ubelgiji wote unaingia humo na nafasi inabaki. Huendi na gari, unaingia kwa mto au kwa kindege kidogo, na ukishaingia utaona miti. Bonobo, wale sokwe wadogo, wako huko, ndiyo, lakini wao hawana habari kwamba mzee amekuja.

Futa nusu ya orodha. Kisha futa nusu ya iliyobaki.

Mawe_ya_Ndosho (Goma)

Mimi niko Goma, nikusaidie kufuta. Tangu Januari 2025 mji uko chini ya waasi wa M23, Bukavu ikafuata mwezi wa pili. Ninapoandika uwanja wa ndege wetu haufanyi kazi, na watalii hawapandi mlima. Epulu nako usalama ni wa kubahatisha. Usimlete mzee huku mwaka huu.

Inaniuma kuandika hivyo. Nyiragongo ina meta 3,470, na usiku mwingine ukiwa mtaani kwetu unaona wekundu wake juu ya mawingu. Ulituunguza Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji ikafunika kipande cha uwanja wa ndege, ukarudia Mei 2021. Ukuta wa nyumba yetu umejengwa kwa mawe ya 2002. Mtalii hulipa kwenda kuyaona hayo mawe juu, sisi watoto wanayachezea mpira. Siku itafika, nitawasubiri na chukudu, baiskeli yetu ya mbao, ya kubeba mizigo.

Mutoto_ya_Relwe (Kamalondo)

Ule wa treni nakujibu mimi. Usisubutu na mutu ya miaka 72.

Mi nilipanda ya Ilebo. Banatuambia siku ine. Tulifika siku ya kumi na moja. Mashini ilitufia mu pori kisha Kamina, kule hakuna hata kijiji. Siku ya kwanza batu banalalamika. Siku ya pili bamama banashuka, banatosha sufuria, banapika bukari (ugali) kando ya reli. Siku ya tatu ilishakuwa soko: mwenye ndizi, mwenye makala, kijana moya anachaji telefoni na batri ya pikipiki. Siku ya ine pastere akaanza ibada. Mashini ya kutuvuta ilipofika, kuko batu balikuwa na madeni pale, hawataki kuondoka.

Nzuri kuelezea, mubaya kwa magoti. Na Ilebo unaweza kungoja masua wiki nzima, likizo inaisha ungali unaangalia mayi ya Kasai.

Muswahili_wa_Limete (Kinshasa)

Mimi ni mtu wa Lubumbashi, niko Kinshasa miaka tisa, hapa jina langu ni "Muswahili" tu, nimeshazoea. Nisikilizeni.

Nia ya mzee imeshakupa njia, usiiharibu kwa kuiongezea nyani na volkano. Yeye hakusema anataka kuona Kongo. Alisema anataka kuona shaba yake ilikofikia. Ruka ile sehemu ya Ilebo kwa ndege, fuata iliyobaki ardhini. Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ni saa mbili na kitu, na ukishuka N'djili, uwanja wa Kinshasa, rudisha saa yako nyuma saa moja.

Kinshasa msikae zaidi ya siku nne. Siku ya kwanza mpeleke Kinsuka, kandokando ya mto. Hapo ndipo mto Kongo, ambao masua inautumia kutoka Kisangani bila shida, unaanza kuruka mawe. Mwambie asimame asikilize. Kutoka hapo hadi Matadi mto unashuka zaidi ya meta 250 kwa maporomoko na maporomoko, chombo hakipiti. Ndiyo sababu shaba iliyotoka Ilebo ikishuka Kasai ilipakuliwa Kinshasa, ikapanda treni tena. Reli hiyo ya kilometa 366 ilijengwa kati ya 1890 na 1898, na waliokufa wakiijenga ni wengi kupita kiasi, watu wa hapa na wengine walioletwa kutoka Afrika Magharibi na hata China. Mtu wa reli ataelewa kuliko sisi.

Siku nyingine: jumba jipya la makumbusho ya taifa, lililofunguliwa 2019, halafu mnara wa Limete wenye meta 210. Chini yake ndipo lilipozikwa jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, tarehe 30 Juni 2022. Mkitaka bonobo, Lola ya Bonobo iko Lukaya, nje kidogo ya mji, mnawaona asubuhi na mnarudi kula mchana. Salonga imekwisha hapo, bila kindege.

Kisha mshike barabara ya Matadi, kama kilometa 350, msiipige siku moja. Kisantu kuna bustani ya mimea ya mapadri wa zamani, mzee atatembea polepole chini ya miti mikubwa, ni tambarare. Chuti (maporomoko) ya Zongo iko upande, mto Inkisi unaanguka meta 65, ila kipande cha barabara ya kuingilia kinatikisa mifupa, muulize mwenyewe. Laleni Mbanza-Ngungu. Ni mlimani, kuna baridi kama ya kwetu, na ni mji wa reli: wasafiri wa treni ya zamani walilala hapo kwa sababu safari ilikula siku mbili.

Onyo moja la chakula. Bukari mtaipata Kinshasa, lakini njiani ni kwanga, mkate wa muhogo. Papa yangu mwenyewe alipokuja aliifungua majani, akainusa, akauliza: "Hii iliharibika lini?"

Fundi_Historia (Likasi)

Mimi nitapinga kidogo. Mnampeleka mzee kilometa elfu mbili na kitu, Shilatembo mmeshafika? Ni kama kilometa 50 kutoka mjini. Pale ndipo Lumumba na wenzake Mpolo na Okito walipouawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Huwezi kumwonyesha mtu mnara wa Limete akiwa hajaona mti wa Shilatembo.

Na Bunkeya je? Msiri alitoka Unyamwezi kama mfanyabiashara wa shaba na pembe, akawa mfalme, msafara wa Stairs, wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, ukamfuata mpaka kwake, akapigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Shaba unayoililia wewe ilianza safari kabla ya reli, vichwani mwa watu, ikiwa imeyeyushwa kwa umbo la msalaba. Misalaba hiyo imo kwenye makumbusho ya Lubumbashi, nusu saa kwa teksi-bisi. Watoto wetu wanajua Eiffel, hawajui musee ya mtaani kwao.

Na chuti ya Lofoi, Kundelungu, inaanguka zaidi ya meta 300. Mwezi wa sita ndio wenyewe: mvua imekatika, barabara imekauka, na maji bado yamo. Ukingoja mwezi wa tisa utaona uzi.

Muswahili_wa_Limete (Kinshasa)

@Fundi_Historia hapo kwa misalaba umenishika, sina neno. Aanze nayo, halafu Shilatembo Jumapili moja. Lofoi lakini ni gari ya juu, na kambi, na kutembea. Magoti.

Fundi_Historia (Likasi)

Sawa, Lofoi nimeacha. Kwa shingo upande.

Mama_Bukari (Kampemba)

Nyinyi wanaume mmesema mawe na minara, hakuna aliyesema dawa. Mwanangu, mambo machache. Kadi ya mchaguzi ya mzee, asisafiri na ile iliyofutika sura. Karte ya chanjo ya homa ya manjano, uwanjani wanaiuliza. Dawa zake za presha abebe mkononi, si kwenye sanduku. Matadi ni joto hata wakati wa kiangazi, yale mawe yanashika jua, yeye amezoea baridi ya mwezi wa saba ya Lubumbashi. Chandarua. Na kati ya siku mbili za barabara mpe siku moja ya kukaa tu, hata kama wewe unaona hakuna cha kuona. Wazee wanapenda kukaa kwenye kiti wakaangalia watu wa mji mwingine wanavyopita.

Mwana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Aksanti sana wote. Jana nilimsomea mzee majibu yote, taa ikiwa imerudi. Ya treni na soko la porini alicheka mpaka akakohoa, akasema anaijua ile mashini kwa namba.

Aliuliza maswali mawili. Kwanza: Matadi ni bahari? Pili: lile daraja la Matadi lina reli? Sikuwa na jibu.

Muswahili_wa_Limete (Kinshasa)

La kwanza, mwambieni mapema asije akavunjika moyo: Matadi si bahari. Ni bandari ya mto, meli kubwa za baharini ndizo zinazopanda mto kuifuata, juu zaidi haziwezi. Jina lenyewe kwa Kikongo ni "mawe", na mji umening'inia kwenye mawe kweli. Bahari iko mbele, Muanda. Njiani mnapita Boma, iliyokuwa mji mkuu kabla ya Kinshasa. Kuna kanisa la chuma la 1889 na mbuyu mkubwa wenye tundu unaoitwa wa Stanley. Saa mbili zinatosha. Muanda mpeni siku mbili: moja ya bahari, moja ya mtumbwi ndani ya mikoko. Pwani yetu nzima ni kama kilometa 40 tu, nchi kubwa hivi na mlango mdogo hivyo.

Fundi_Historia (Likasi)

La pili nalijibu mimi. Daraja lilimalizwa 1983, kazi ya Wajapani, meta 722. Lilipangwa kubeba gari na treni pia, kwa sababu reli ilikuwa iendelee mpaka Banana, baharini. Reli haikujengwa. Nafasi ya treni imo ndani ya daraja mpaka leo, na treni haijawahi kupita.

Mwana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nimemwambia. Amekaa kimya kidogo, kisha: "Kwa hiyo walitengeneza fasi ya treni, wakasahau treni." Sasa anataka kulivuka kwa miguu, magoti au si magoti.

Musee tumefanya leo asubuhi. Alisimama mbele ya msalaba wa shaba, akaupima kwa macho, akasema kilo zake. Mlinzi akamtazama. Shilatembo Jumapili ijayo, ndege tarehe 19. Goma tumeiandika nyuma ya karatasi.

Bado moja. Hataki kuingia bandarini, anajua itakuwa makaratasi. Anataka tu kuona mabehewa yanapopakuliwa. Kuna mtu wa Matadi humu?

Mwana_Mayombe (Matadi)

Yupo. Picha za bandari na za daraja msipige kabla ya kuuliza, mtapoteza nusu siku mkijieleza kwa askari. Lakini kuangalia ni bure. Mji uko juu, bandari iko chini, kwa hiyo mwambie dereva awapeleke mtaa wa juu wowote unaotazama mto. Mtaona reli inavyoingia hadi kwenye meli. Asubuhi mapema, kabla joto halijapanda. Na mje na kiti cha mzee, huku hakuna benchi.