Naambiwa nijaze partografu (chati ya kufuatilia uchungu) baada ya mtoto kuzaliwa mfu, nifanyeje?

Mkunga_Usiku: Wakuu wa wodi ya wazazi, naomba ushauri. Zamu ya usiku, mkunga mmoja, wajawazito sita kwenye uchungu. Mmoja akapata kifafa cha mimba. Kuanzia saa 8:10 hadi saa 10 usiku mapigo ya mtoto wa kitanda cha pili hayakusikilizwa, na mtoto kazaliwa mfu. Inchaji, msimamizi wa wodi, anataka nijaze nafasi zilizo wazi kabla ya kikao cha mapitio ya vifo. Anasema ni kunilinda.

Bi_Mkunga: Pole sana mwanangu. Usijaze. Mapigo ya mtoto hupimwa kila nusu saa, kwa hiyo unaambiwa ubuni nukta tatu. Aliyezoea kusoma mafaili atazijua: kalamu moja, 140, 138, 140, na saa hizohizo karatasi ya dawa ya kitanda kingine ina saini yako. Magnesiamu, dawa ya kifafa cha mimba, gramu 4 unaisukuma taratibu kwenye mshipa, kisha gramu 5 kila tako. Huwezi kuwa unatoa dozi hiyo huku unasikiliza mtoto wa mwingine. Tena mapigo mazuri hadi mwisho, halafu mtoto mfu? Utaulizwa ulikuwa unasikiliza nini. Na kikao kitaandika kwamba ufuatiliaji ulikuwepo, zamu ibaki na mkunga mmoja vilevile.

Afisa_Muuguzi: Partografu iache wazi. Kwenye maelezo ya uuguzi andika tarehe na saa ya sasa, kisha: "Maelezo yaliyoandikwa baadaye. Saa 8:10 hadi 10:00 mapigo ya mtoto hayakusikilizwa. Mkunga 1, wajawazito 6, mmoja ana kifafa cha mimba." Kama daktari wa zamu alipigiwa, weka saa ya simu. Jina kamili, cheo, saini. Ukikosea piga mstari mmoja, maneno yasomeke, usifute.

Mkunga_Usiku: Na akishikilia?

Afisa_Muuguzi: Mwambie kwa heshima: "Dada, nitaandika kilichofanyika tu." Akikataa, omba agizo hilo kwa maandishi. Wengi huishia hapo. Asipolegea, nenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi, na nakala ya ratiba ya zamu. Usipige picha faili ukarusha WhatsApp. Hiyo ni siri ya mgonjwa na utajiharibia mwenyewe.

Bi_Mkunga: Kukaa na anayedegedeka ilikuwa sahihi, hilo lishike. Ila wakati mwingine, ukiona umezidiwa, piga simu papo hapo na uandike saa. Msaidizi yeyote anaweza kukaa na mwenye kifafa dakika moja, wewe ukasikiliza mtoto mara mkazo unapoisha.

Mkunga_Usiku: Mama mwenyewe anauliza mtoto alifariki saa ngapi.

Bi_Mkunga: Usimjibu peke yako mlangoni. Mwende na daktari, pazia lifungwe, mkae. Aambiwe mapigo yalisikika mara ya mwisho saa ngapi, na kwamba baada ya hapo hayakupimwa. Neno "mapenzi ya Mungu" mwachie yeye alitamke.