Naomba ushauri: mwanangu anaiga dogo wa kwenye runinga aliyefungiwa ndani

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Niko Kirumba, Mwanza. Kijana wangu wa miaka 9 alivunja kioo cha jirani kwa mpira, nikampa adhabu: wiki nzima akitoka shule ni ndani tu. Kesho yake runinga ikaonyesha kichekesho cha watoto, dogo kafungiwa chumbani, anauvisha mto fulana yake, anaufunika shuka, anachomoka dirishani. Tulicheka wote, mimi ndiye niliyezidi.

Jumatano jioni naenda kumwamsha ale, kitandani nakuta kiroba cha dagaa kimevaa kofia yake! Mwenyewe yuko juu ya majabali nyuma ya nyumba, na mawe yetu ya huku mnayajua, yakilowa yanateleza kama sabuni.

Nimeongea naye, nimeficha rimoti. Ananijibu, "Mama, si na wewe ulicheka?" Fimbo sitaki.

Je, nimalizie wiki au nibadilishe adhabu, mfano achangie kioo kwa hela yake ya matumizi? Na mtoto wa umri huu unamwelezaje kwamba yale ni maigizo, bila kumzimia runinga kabisa?