Mathayo 16:18: ule "mwamba" ni Petro, ni Kristo au ni lile ungamo la Petro?

Mwana_wa_Mkatoliki
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu na nawaombeni sana tusitukanane. Mimi nimelelewa Mkatoliki, mama yangu mpaka leo ni mwanajumuiya hodari, ila miaka minne sasa nasali kwa walokole. Jumapili mchungaji kahubiri kwamba kanisa halijajengwa juu ya Petro, kwamba mwamba ni Kristo na Wakatoliki wamekosea. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama hivyo hivyo, akanyamaza, akaenda kuchukua Biblia yake akanisomea "Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu", akafunga akaniuliza, sasa hapo Yesu alikuwa anaongea na nani? Nikakosa jibu. Kwa kweli imeniuma maana naona nimemkwaza mama kwa kitu ambacho hata mimi sikijui vizuri. Nani anaweza kunielewesha?

Kefa_Mdogo
Mkuu pole, na mama yako kauliza swali sahihi kabisa. Mimi ni Mkatoliki. Kiswahili hapa kinatuficha kitu kwa sababu Petro na mwamba kwetu ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, lakini Kigiriki ni Petros na petra, na Kiaramu ambacho ndo Yesu alikuwa anaongea ni kefa, kefa. Soma Yohana 1:42, anamwambia Simoni utaitwa Kefa. Jina lenyewe ni mwamba! Halafu angalia 16:19, "nitakupa wewe funguo", ni wewe mmoja, wakati 18:18 anasema "yoyote mtakayoyafunga", hapo ni wengi. Kufunga na kufungua wamepewa wote ila funguo kapewa mmoja. Na funguo hizo ukirudi Isaya 22:22 utakuta Eliakimu anapewa ufunguo wa nyumba ya Daudi, yaani ni cheo cha msimamizi wa nyumba ya mfalme, na cheo kina mrithi, maana yeye mwenyewe alikuwa anachukua nafasi ya Shebna. Ndo maana sisi tunasema Papa wa Roma ni mrithi wa Petro.

Msomaji_wa_Usiku
Kefa_Mdogo umeeleza vizuri, lakini mimi kama Mlutheri naona kuna hatua umeruka. Hata tukikubali mwamba ni Petro (na wasomi wengi wa Kiprotestanti siku hizi wanakubali), andiko lenyewe halisemi neno kuhusu mrithi wake wala kuhusu Roma. Halafu tazama mtiririko, Petro anaungama "Wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai", anaitwa mwamba, na mistari michache mbele, 16:23, mtu huyo huyo anaambiwa "Nenda nyuma yangu, Shetani, u kikwazo kwangu". Mwamba kageuka jiwe la kujikwaa! Ndo maana Yohana Krisostomo, mhubiri maarufu wa kanisa la kale, alifundisha kwamba kanisa limejengwa juu ya imani ya ule ungamo. Na Augustino, askofu wa kanisa la kale ambaye Wakatoliki na sisi wote tunamheshimu, uzeeni alipoandika kitabu cha kupitia upya maandiko yake alisema zamani alifundisha mwamba ni Petro, baadaye akafundisha mara nyingi kuwa ni Kristo, akamwachia msomaji achague. Kama Augustino aliacha mlango wazi basi mchungaji wako angepunguza ukali kidogo.

Fundi_Mwashi
Mimi sijasoma Kigiriki ila nimejenga misingi zaidi ya miaka ishirini, naomba niseme la kazini kwangu. Ukishachimba mtaro huanzi kupanga mawe popote tu, unaanza na pembe. Unapima 3 upande huu, 4 upande ule, kimshazari lazima ije 5, isipokuja unarudia. Ukishaweka jiwe la pembe likatulia unafunga kamba kutoka pale, na mawe mengine yote yanafuata kamba, jiwe linaweza kuwa zuri kuliko yote lakini likitoka nje ya kamba unaling'oa. Sasa soma Waefeso 2:20, "mmejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, naye Kristo Yesu mwenyewe ni jiwe kuu la pembeni". Petro yumo ndani ya msingi, simtoi, hata Ufunuo 21:14 majina ya mitume kumi na wawili yako kwenye misingi ya ukuta wa mji. Lakini kamba inafungwa kwa Kristo. Paulo alipompinga Kefa uso kwa uso kule Antiokia (Wagalatia 2) ndo hicho alikuwa anafanya, aliona jiwe limetoka nje ya kamba, hakusema jiwe sio la msingi.

Na kitu kingine kinachonigusa sana, 1 Wakorintho 3:11 inayosema hakuna awezaye kuweka msingi mwingine ila Yesu Kristo, watu wanaitumia kuwapiga Wakatoliki, lakini Paulo aliiandikia watu waliokuwa wanagawanyika, huyu anasema mimi ni wa Paulo, yule wa Apolo, yule wa Kefa, na wengine mimi ni wa Kristo! Wote wanne aliwakemea.

Mwana_wa_Mkatoliki
Fundi hapo mwisho umenipata. Mimi Jumapili nilikuwa yule wa nne. Nilidhani namtetea Kristo kumbe namtumia kumshinda mama yangu.

Swali moja tu dogo, kama mitume ndo msingi na msingi unawekwa mara moja, hawa wanaojiita mitume kwenye mabango wanaingia wapi?

Fundi_Mwashi
Mdogo wangu, mimi sijawahi kuona msingi unamwagwa juu ya lenta. Ila hiyo anzishia uzi wake maana ni ndefu.

Kefa_Mdogo
Naunga mkono, na mimi ya mrithi nitamjibu Msomaji_wa_Usiku huko. Leo nenda kwa mama kwanza mkuu.

Mwana_wa_Mkatoliki
Nimetoka kwake sasa hivi. Tumesoma Waefeso 2 yote, yeye anasoma mimi nafuatilia kwenye simu. Pale kwenye jiwe la pembeni kaniambia nimsomee tena.