Uwiano wa sm 60 kwa m 1.5: mtoto kapigwa kosa, na mimi napata jibu hilohilo

BabaBinti: Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la sita. Kaulizwa uwiano wa sm 60 kwa m 1.5 kwa namba ndogo kabisa, akaandika 40:1, kapigwa kosa. Nimekaa nalo mwenyewe mezani: 60 gawa kwa 1.5 ni 40. Tatizo liko wapi? Kumuuliza mwalimu naona aibu.

MjombaKidevu: Kwa jibu lenu, cha sm 60 ni kirefu mara arobaini ya kile cha mita moja na nusu. Chukua futikamba uone 😂

MamaShughuli: Vipimo vifanane kwanza, baba. m 1.5 ni sm 150. Sasa 60:150, kata sifuri, 6:15. Gawa kwa 3, 2:5. Kwisha.

MwlMstaafu: Kukata sifuri sawa, ila ajue hapo kagawa pande zote kwa 10. Kisha kwa 3. Jumla kagawa kwa 30, ndiyo KKS ya 60 na 150, yaani namba kubwa kabisa inayogawa zote mbili bila baki. Wengi huishia 6:15 wakaweka kalamu chini. Ajiulize kama kuna namba zaidi ya 1 inayogawa zote bila baki. Ikiwepo, bado kazi ipo. Na asiandike "sm 2:5", vipimo vikishafanana vinaondoka.

BabaBinti: Shikamoo mwalimu, nimeelewa. Lipo la pili, 1/2 : 1/3. Hapo nakata nini?

MjombaKidevu: Hilo jepesi, 2:3.

MwlMstaafu: Marahaba. Mjomba umelipindua. Nusu ni kubwa kuliko theluthi, iweje ipate namba ndogo? Hapa tunazidisha pande zote kwa KDS ya 2 na 3, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, yaani 6. Jibu 3:2.

MjombaKidevu: Narudi kwenye futikamba yangu.

FundiZege: Hilo kosa la sm na m huku saiti linakula hela. Kijana wangu niliwahi kumwambia zege ni 1:2:4, akamwaga mfuko mmoja wa saruji, ndoo mbili za mchanga, ndoo nne za kokoto. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, ndoo zetu ni za lita 20. Kwa hiyo alichanganya 35:40:80, yaani 7:8:16. Saruji imekwisha, nguzo bado zinasubiri. Ilitakiwa 35:70:140: ndoo tatu na nusu za mchanga, saba za kokoto.

BabaBinti: Binti kasoma hapa, anauliza kwa nini saruji nayo msipime kwa ndoo.

FundiZege: Huyo mlete saiti. Mwambie tunafanya kinyume chake: tunagonga kiboksi cha mbao kinachoingia mfuko mmoja kamili. Mchanga viboksi viwili, kokoto vinne, ndoo tunawaachia wa maji.