Naomba ushauri: riwaya gani baada ya Siku Njema?
Habari zenu wapenzi wa vitabu. Mpwa wangu wa miaka 15, ninayeishi naye hapa Kisumu, amemaliza Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Sasa hana hadithi nyingine ila mhusika mkuu, Kongowea, na safari yake kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake.

Nimefikiria kumpa Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Inatokea Ukerewe, kwenye ziwa letu hili hili, na inasema kweli kuhusu baba mkali na binti asiyeandaliwa kukabili mapenzi. Lakini ni nzito, na mwisho wake unaumiza sana. Nimpe sasa tuisome pamoja, au nisubiri kidogo?

Nitajieni pia riwaya nyingine za mapenzi na familia zisizomdharau msomaji kijana. Za Kiswahili tafadhali, za Kiingereza anazo tele.