Mjadala: Kitufe cha kuzungusha mkopo wa etha, kiachwe au kizuiwe?

Mwenye mada, Kisauni
Waungwana, siku hizi kuna programu za kukuzungushia mkopo kwa kubonyeza mara moja. Unaweka etha, yaani sarafu ya kidijitali ya mtandao wa Ethereum, kama dhamana kwenye Aave, mfumo wa kukopeshana sarafu hizo mtandaoni bila benki, unakopa sarafu inayofuata dola, unanunua etha nyingine, unaiweka dhamana nayo, unakopa tena. Zamani ulifanya kwa mkono, na kila hatua ina ada yake. Sasa yote yanamalizika katika muamala mmoja.

Juzi nilionyeshwa simu pale Mwembe Tayari: mstari wa kuburuza kwa kidole, mara 2, mara 3, mara 5, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani. Bei ya kufilisiwa, yaani bei ya etha ambayo ikishukiwa mfumo unauza dhamana yako kulipa deni, ilikuwa ya kijivu, maandishi madogo. Mwenye simu hakuwa ameiona.

Tupige hesabu. Una shilingi 100,000, umezungusha hadi etha ya 250,000 na deni la 150,000. Ikiwa kikomo ni deni kufika asilimia 80 ya dhamana, etha ikishuka robo tu mfumo unaanza kukuuzia, na faini juu. Tarehe 12 Machi 2020 etha ilianguka zaidi ya asilimia 40 kwa siku moja. Mimi nasema kizuiwe.

Mlikoni
Kaka, umetazama kuingia tu. Kutoka je? Aliyezungusha kwa mkono, soko likiporomoka, atoe dhamana kidogo, auze, alipe, atoe tena, huku ada zinapaa kwa sababu kila mtu anakimbilia mlango uleule. Machi hiyohiyo mtandao wa Ethereum ulisongamana, na kwenye minada ya MakerDAO, mfumo mwingine wa mikopo kama Aave, watu wakachukua dhamana za wenzao kwa dau la sifuri! Kufunga kwa muamala mmoja si anasa.

Halafu azuie nani? Sheria ya Kenya ya mali za kidijitali iliyotiwa saini Oktoba 2025 inashika kampuni zinazotoa huduma. Mkataba wa kompyuta, ile programu inayojiendesha yenyewe kwenye mtandao, hauna ofisi Barabara ya Nkrumah ukaenda kuufungia mlango.

Bi wa Majengo
Wanangu, mbona riba hamuitaji? Ukiweka unapokea riba, ukikopa unalipa riba. Akifanya kwa mkono angalau anaiona. Kijana aliyekataa mkopo wa benki kwa dini yake anabonyeza kijani, hajui alichoingia.

Mwenye mada, Kisauni
Bi, hilo umenena, na linanipa nguvu. Mlikoni, kitufe cha kufunga kibaki, sina ugomvi nacho. Cha kufungua ndicho ninachokibana: kabla ya kubonyeza, mtu aandike mwenyewe bei ya kufilisiwa na riba ya mwaka. Mkataba hauna ofisi, sawa, lakini ile skrini ina aliyeitengeneza na anayekula ada yake. Huyo ndiye wa kubanwa.

Mlikoni
Na akinakili tarakimu bila kuzisoma? Mbona masharti ya mikopo ya simu tunayakubali kila siku, nani anayasoma?