Ofisi ikihamia kijijini (kikundi cha Majirani Pasua, Moshi)

Mama Jeni: Hamjambo majirani. Swali la jana, kwamba ofisi za halmashauri zikitolewa mjini kwenda kijijini watumishi wafanye nini na wanastahili nini, lijibiwe vizuri, maana humu wengi wana watoto serikalini. Tangazo ukutani likisema "ofisi itahama", usifungashe vitu. Subiri barua ya uhamisho yenye jina lako, kituo kipya na tarehe ya kuripoti. Kituo kipya kisipoandikwa, mkaguzi atahoji malipo yako.

Upendo: Shikamoo mama. Stahili zenyewe ni zipi?

Mama Jeni: Marahaba mwanangu. Posho ya usumbufu ni asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Anayelipwa 900,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 10,800,000, kwa hiyo posho yake ni 1,080,000. Kuna posho ya kujikimu ya siku 14, nauli ya mtumishi, mwenza na wategemezi, na kusafirisha mizigo. Ambatanisha cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bila hivyo utalipwa wewe peke yako.

Mama Jeni: Na hili mlishike sana: anayeomba uhamisho mwenyewe halipwi. Mwajiri akishaamua kuhamisha ofisi, usikubali kuandikishwa barua ya "naomba kuhamia". Sahihi moja hiyo inakuondolea haki yote.

Babu Eli: Kweli kabisa. Hela itengwe kwenye bajeti kabla ya lori kuja. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipita 1973, lakini hadi 2016 wizara nyingi zilikuwa bado Dar. Uamuzi bila fedha hauhamishi mtu.

Baba Ester: Shikamoo Babu. Mimi niseme la masijala, yaani chumba cha kutunza mafaili, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Meza ikivunjika njiani inanunuliwa nyingine. Faili la mtumishi likipotea, barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa daraja zimepotea nalo, na siku ya kustaafu mafao yanakwama.

Baba Ester: Wiki mbili kabla, simamisha kuazimisha mafaili. Yaliyo kwenye meza za maofisa yote yarudi, kisha yahakikiwe na rejesta, moja moja. Pakia kwa mfuatano wa namba, boksi lisizidi kilo 15, likizidi linapasuka chini. Orodha iwe nakala tatu: moja ndani ya boksi, moja kwa anayetoa, moja kwa anayepokea. Mafaili ya siri yasafiri peke yake, boksi limefungwa kwa lakiri, na ofisa wa masijala akae nayo kwenye gari.

Upendo: Na yale ya zamani yaliyojaa vumbi, si yachomwe tu?

Baba Ester: Hapana dada! Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002, hairuhusu kuteketeza bila idhini. Kosa lingine ni mafaili kufika kabla ya rafu. Yanalazwa kwenye sakafu ya simenti ambayo haijakauka, mvua za masika zikija unakuta mchwa na ukungu. Rafu zitangulie, au walau weka mbao zinyanyue maboksi sentimita 10.

Fundi Elisante: Upande wa umeme: kompyuta 20 kwa wati 250 ni kilowati 5. Ongeza mashine ya kutoa nakala, taa na vifaa vya mtandao, inafika kama 8. Gawanya kwa 0.8 kupata kVA, kipimo cha ukubwa wa jenereta: ni 10. Nunua jenereta ya kVA 15, ya 10 itazidiwa vitu vikiwaka pamoja. Waya wa ardhini upimwe kabla ya kuwasha chochote.

Fundi Elisante: Mtandao uwe wa njia mbili, faiba na wa simu. Mwananchi anapolipa serikali sasa anahitaji namba ya malipo (control number), na mtandao ukikatika namba haitoki. Mwananchi amepanda daladala mbili kufika, anaambiwa arudi kesho. Hiyo si huduma.

Babu Eli: Basi waache dirisha moja mjini, angalau miezi sita ya kwanza.

Mama Jeni: Naunga mkono, Babu. Na nyumba jamani. Kazi inaanza saa 1:30 asubuhi. Basi la watumishi likitoka stendi saa 1:00 na ofisi iko kilomita 40, mpaka wafungue mafaili ni saa 2 na zaidi, na kuanzia saa 8 mchana wanaangalia saa. Wapangiwe nyumba pale pale.

Upendo: Asanteni. Mama, fomu ya madai inapelekwa kituo cha zamani au kipya?

Mama Jeni: Cha zamani, kabla hujaondoka. Ukishafika kule kufuatilia kunakuwa kugumu. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.